Nyumba Iliyojengwa na Bahari

Katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, bado imesimama nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule mfanyabiashara wa pembe za tembo aliyejulikana huku Kongo kwa jina la Tippu Tip. Alifariki Zanzibar mwaka 1905. Wageni husimama mbele ya mlango wake wenye nakshi, wakatazama ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe, wakapiga picha, wakaenda zao. Mlango ni mzuri, nakiri. Lakini mwenye kutaka kuiona kazi ya Muumba na autazame ukuta.

Kuta za nyumba za zamani za mji ule ni nene, nusu mita na zaidi. Pale lipu ilipobanduka, jiwe huonekana waziwazi: jeupe, la kukwaruza, limejaa vitundu. Sogea karibu uangalie vizuri. Mara nyingi vitundu hivyo vimejipanga kwa mpango, kimoja kando ya mwenzake, na ndani ya kila kimoja mna mistari myembamba inayokutana katikati. Humo aliishi mnyama.

Mnyama huyo ni tumbawe, kiumbe laini ambacho mara nyingi hakizidi punje ya mchele, chenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Hakina jicho wala mguu. Hata hivyo huchota chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kujijengea kikombe cha jiwe cha kukaa. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani hupokea mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wake, naye huuhifadhi. Vizazi hupanda juu ya vizazi. Miamba mingi ya pwani ya Unguja ni kazi ya viumbe hao, waliojenga zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Bahari iliposhuka, jiwe likabaki nchi kavu, tayari kwa mwashi ambaye alikuwa hajazaliwa bado.

Jiwe hilohilo ndilo lililotoa chokaa ya kuunganishia mawe na kupakia kuta, na hapa ndipo ninaposhangaa zaidi. Wapwani walipanga magogo mengi, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakawasha. Moto ukifika nyuzi 900 hivi, jiwe huachilia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kinachobaki hutiwa maji. Huchemka chenyewe bila moto, kikawa laini na cheupe. Fundi akishakipaka ukutani, chokaa huanza kuivuta hewa ya ukaa tena kutoka angani, mwezi baada ya mwezi, mpaka inarudi kuwa jiwe. Nani aliyeiwekea sheria hiyo, kwamba kilichovunjwa na moto kirudi hali yake kwa pumzi ya hewa?

Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko. Mkoko huota matopeni, katika maji ya chumvi ambayo yangeua karibu kila mti tunaoujua hapa Ituri. Mizizi yake huizuia chumvi nyingi isipande. Mti wake ni mgumu na hustahimili mchwa. Lakini boriti moja kwa kawaida haivuki mita tatu, basi vyumba vya nyumba hizo vikawa vyembamba na virefu. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa chumba na ghorofa apendavyo. Upana aliukatiwa na mti.

Sisi wa Bunia tunaujua udongo zaidi. Tunachoma matofali, wengine wanajenga kwa miti na potopoto, tunaezeka manjanja. Msomaji aweza kuuliza nyumba ya pwani inatuhusu nini. Inatuhusu sana. Msafiri Stanley alipouvuka msitu wa Ituri mwaka 1887, aliwakuta tayari wafanyabiashara wa pembe waliotoka upande wa Zanzibar, akiwemo Ugarrowwa, na Kilonga-Longa aliyekuwa Ipoto. Tembo waliuawa msituni kwetu, na pembe zikabebwa mabegani mwa watu, wengi wao mateka, kuelekea pwani. Biashara hiyo ndiyo iliyolipia marumaru na milango mingi ya Zanzibar. Siwezi kuusifu ukuta wa tumbawe nikanyamaza juu ya mabega yale. Muumba alitoa jiwe safi. Damu ililetwa na wanadamu.

Hifadhi ya Okapi kule Epulu, ambamo tembo wa msituni bado wapo, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa miongoni mwa maeneo yaliyo hatarini. Mji Mkongwe uliingia mwaka 2000. Msitu na nyumba vimekutana tena katika orodha moja.

Hata Uingereza, nchi ya baridi, zipo nyumba zilizojengwa kwa jiwe la bahari. Mjini Bath kuna safu ya nyumba 30 iitwayo Royal Crescent, iliyojengwa kati ya 1767 na 1774 kwa mpango wa John Wood mdogo, na sheria inakataza kuibadilisha ovyo. Jiwe lake la rangi ya asali limetokana na vipunje vya mviringo vilivyofingirika katika bahari ya vuguvugu, yapata miaka milioni 170 iliyopita. Bahari ya joto, mahali palipo leo ukungu na mvua!

Turudi Zanzibar: kuzitunza nyumba za Mji Mkongwe kunadai kulitii jiwe. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Katika nyumba nyingine, wenyewe huziba nyufa kwa saruji wakidhani wanaimarisha, kumbe saruji huufungia unyevu ndani na chumvi ikaula ukuta. Fundi anayelijua jiwe hubandua saruji yote, huyalowesha mawe, hupaka chokaa iliyolowekwa muda mrefu, tabaka nyembamba juu ya tabaka, kisha huulinda ukuta na jua kali kwa magunia yaliyoloweshwa, maana chokaa ikikauka haraka haipati muda wa kuivuta hewa.