Furaha Ndogo ya Mwenzako



Mama mmoja wa hapa Chechelesi alinijia baada ya Misa, macho mekundu. Hakuwa amepigwa, wala mumewe hakuwa ameoa mwingine. "Mwalimu," akaniambia, "baba watoto amemwaga maua yangu."

Maua hayo alikuwa ameyapanda katika mikebe mitano ya Kasuku kando ya mlango, akiyanyunyizia maji aliyooshea sukuma wiki. Nilikwenda kwao jioni nikamsikiliza mume pia, maana naye ana hoja. Sisi wa Isiolo tunaukumbuka ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo. Mbuzi wa baba huyo waliisha wote. Mtu aliyewahi kuhesabu maji kwa kikombe hasahau upesi. "Maji hayo angemwekea kuku," akasema. "Ua linaliwa?"

Ni swali zito kuliko alivyodhani. Kitu kisicholiwa, kisichovaliwa wala kulipa karo, kina haki gani katika nyumba ya mtu maskini?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilitafakari jambo hili. Alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba pumziko lake ni burudani. Na mtu asiyefurahi kamwe, tena akawa mzigo kwa wenzake wanaofurahi, anakosea. Alikumbusha kisa cha kale cha Mtume Yohane. Watu walishangaa kumkuta akicheza na wanafunzi wake, naye akamwomba mmoja wao mwenye upinde apige mishale, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Wazee wa kichungaji wa huku kwetu wangeelewa mfano huo bila kufafanuliwa.

Sasa, baba huyo huyo kila jioni hucheza drafti kwa vizibo vya soda, chini ya mti karibu na maduka. Sikumkumbusha mbele ya mkewe. Nilingoja anisindikize, nikamwuliza kama drafti inaliwa. Akacheka kidogo, akasema drafti haina gharama. Nikamwuliza, saa hiyo unapocheza ni nani anayebeba kuni na kumbembeleza mtoto? Hapo hakucheka.

Lakini nisijifanye mwema. Mke wangu alikuwa na mazoea ya kukaa nje asubuhi na kikombe cha chai, akiutazama Mlima Kenya. Anayekaa Isiolo anajua: jua likichomoza vilele huonekana wazi, lakini kabla ya adhuhuri mara nyingi mawingu yameshaufunika. Hakuzidisha dakika kumi. Siku moja nikamwambia, "Mlima hauendi popote, na vyombo vinangoja." Hakubishana. Kesho yake hakutoka nje, wala siku iliyofuata, nami nikadhani nimeongoza nyumba vizuri. Ilinichukua miezi kutambua kwamba alikuwa amebaki mtu wa kujibu tu. Nikiuliza, anajibu; nikinyamaza, nyumba nzima kimya. Zile dakika kumi ndizo alizokuwa akijikusanyia nguvu za kutuvumilia sisi sote, nami nilimnyang'anya bila hata kuwa na haja nazo. Nilipomwomba radhi alisema si kitu. Ilipita karibu mwezi ndipo nikakiona tena kiti chake nje.

Siku ya ndoa tuliahidi kupendana na kuheshimiana. Nilidhani kuheshimu ni kutomtukana. Siku hizi naona ni pamoja na kukiheshimu kile kinachomfurahisha mwenzako hata kama wewe huonji utamu wake. Si lazima ukipende. Mimi maua hayaniambii kitu.

Kuna mume atakayelichukua neno hili akalipeleka kwenye miraa au kwenye kubeti kwa simu, akimwambia mkewe, "Hii ndiyo furaha yangu." Ndugu yangu, tazama anayeilipia. Kama ni mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, wewe na mimi tunajua jibu. Vivyo hivyo furaha inayokurudisha kwa watu wako ukiwa mwepesi wa moyo si sawa na ile inayokufanya usitake kurudi.

Na maji? Hapo wale ndugu bado hawajaafikiana. Mume anataka maua yangoje mpaka mvua ije. Mke anasema ua haliwezi kuambiwa lingoje. Juzi nilipopita niliona mikebe mitatu imesimama tena kando ya mlango, miwili haipo, na sikuuliza nani aliyeirudisha. Nimewaahidi kupita tena Jumatano.