Gofu gizani

Mwongozaji wa mchezaji gofu asiyeona hufanya kazi yake mapema kisha hujitenga. Humweleza umbali uliobaki, upepo unakotoka na mchanga ulipo. Humshikia kichwa cha fimbo, akakiweka nyuma ya mpira na kukielekeza kwenye bendera. Akishasogea pembeni, anabaki mtu, fimbo na giza. Na mpira unaruka, tena unaruka vizuri.

Charley Boswell alicheza hivyo. Alikuwa mwanamichezo wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, kabla ya kupofuka vitani Ujerumani mwaka 1944. Gofu aliianza wakati wa matibabu, alipokuwa akifundishwa kuishi bila macho, na baadaye akatwaa ubingwa wa taifa wa wasioona zaidi ya mara kumi. Watu humsifia ujasiri, na anastahili. Ila kipaji alichokitegemea kila mtu anacho. Wenye macho hawakihitaji sana, basi kinadumaa.

Ndani ya misuli, kano na viungo mna vipokezi vinavyoupasha ubongo habari kila wakati: goti limekunjwa kiasi gani, uzito umeegemea mguu upi, vidole vimebana au vimelegea. Ndiyo maana umeme ukikatika mezani, tonge halikosi mdomo. Katika gofu habari hizo ni mtaji mkubwa, kwa sababu fimbo ikianza kushuka huufikia mpira kwa takriban robo sekunde, na kugusana kwao hakufikii hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hapo hakuna nafasi ya kufikiri wala kusahihisha. Mikono iliyoikaba fimbo imeshaamua mpira uende wapi, kabla mwenyewe hajajua kwamba ameikaba.

Kwa hiyo walimu wengi hutoa mazoezi yanayoonekana ya kitoto: kupiga miguu ikiwa imegusana, kuzungusha fimbo polepole mno, kupiga mpira mfupi kwa macho yaliyofumbwa na kubashiri ulikoangukia kabla ya kuyafumbua. Anayeunganisha miguu kisha akapiga kwa hasira huyumba papo hapo. Hahitaji mtu wa kumtajia kosa lake.

Hata hivyo, dawa hii ina kipimo.

Mwaustralia Ian Baker-Finch alishinda British Open mwaka 1991. Mwaka 1997, katika mashindano yaleyale, alipiga mikwaju 92 raundi ya kwanza, akajitoa. Baadaye akageukia utangazaji. Katikati ya miaka hiyo alikuwa ameubadilisha mtindo wake wa kupiga tena na tena. Mazoezini mpira ulimtii, mbele ya watu ukamkana. Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, unasaidia kuelewa balaa la namna hiyo: wanagenzi walioambiwa wafuatilie mwendo wa fimbo walilenga vizuri kuliko walioambiwa wafuatilie mikono yao wenyewe.

Kuujua mwili, basi, si kuusimamia kama nyapara. Unasikilizwa mazoezini, taratibu, hadi uzoee. Siku ya mashindano unaachiwa kazi yake, na akili inabaki kwenye shabaha. Boswell hakuwa na namna ya kuikagua mikono yake kwa macho, na huenda hilo lilimwepusha na mengi.

Siku hizi wanaojifunza gofu hujirekodi kwa simu, wakairudisha video nyuma mara kumi wakitafuta kiwiko kilichokosea. Si vibaya. Lakini video humwonyesha mtu mwili wake kama anavyouona jirani, na jirani siye anayepiga. Anayekwenda uwanjani Jumamosi hii na aiache simu kwenye begi kwa mipira ishirini ya kwanza, afumbe macho, azungushe fimbo taratibu na ajiulize uzito wake uko mguu upi. Ni zoezi la dakika chache, na halihitaji fimbo mpya.