Mwenzako Akijua Hatari Yake, Mshike Mkono



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wetu hawakulijua, lakini sisi limetufikia mlangoni. Ni habari ya mtu mzima mwenye afya kuambiwa kwamba huenda uzeeni akapatwa na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomwondolea mtu kumbukumbu kidogo kidogo. Je, habari hiyo inamfanyia nini yeye, na inaifanyia nini ndoa yake?

Kuna mume na mke ninaowafahamu ambao wamenipa ruhusa niwasimulie bila kutaja majina. Mume amepita miaka sitini. Mama yake alifariki akiwa hamtambui hata mwanawe wa kwanza. Binti yao anaishi Marekani, nao walipokwenda kumtembelea aliwaletea vichupa vya kutemea mate, vikapelekwa kupimwa. Huko Marekani, mwaka 2017 serikali iliruhusu kampuni moja kuwaeleza wateja wake hatari yao ya kupata Alzheimer, bila kupitia kwa daktari. Majibu yalifika kwa simu wakati wazee wamekwisha kurudi nyumbani. Mke hakukutwa na jambo. Mume alikutwa na jeni iitwayo APOE ya aina ya nne, aliyoirithi kwa mzazi mmoja.

Hakumwambia mkewe. Alificha kwa miezi minane. Akipoteza funguo, jasho linamtoka. Akisahau jina la mtu sokoni, usiku hapati usingizi. Aliacha kusoma masomo kanisani, akisingizia macho. Aliacha kuandika hesabu za duka. Mke akaona bwana amebadilika, akaanza kuwaza kwamba kuna mwanamke mwingine. Wakakaa nyumba moja kama wapangaji wawili. Mwishowe mke akamwambia, "Baba watoto, kama umenichoka niambie." Hapo mzee akalia, akasema yote.

Walipokwenda hospitali, daktari alimpima kumbukumbu akamkuta mzima. Miezi minane yote ile mtu huyu hakuwa na ugonjwa wo wote. Alikuwa akiliwa na habari aliyoibeba peke yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alificha hata maradhi asiyokuwa nayo.

Sasa tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Jeni ni maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Kila mtu ana APOE mbili, moja ya baba na moja ya mama. Aina ya nne huongeza hatari ya Alzheimer, na mwenye mbili za aina hiyo ana hatari kubwa kuliko mwenye moja. Lakini hatari si hukumu. Wako wengi wenye jeni hii wanaozeeka na akili zao timamu, na wako wagonjwa wengi wasio nayo. Tena, sehemu kubwa ya utafiti huu ilifanywa kwa watu wa asili ya Ulaya. Wataalamu walipowalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, waliona katika taarifa yao ya mwaka 2001 kwamba wazee wa Ibadan walipata Alzheimer kwa kiasi kisichofika nusu ya wenzao. Jeni hii pia haikuonyesha huko Ibadan nguvu ile ile iliyo nayo kwa Wazungu. Kwa hiyo Mwafrika asisome karatasi ya kampuni ya ng'ambo kama anayesoma tarehe ya kifo chake.

Hata hivyo habari yenyewe ina nguvu. Mwaka 2014 wataalamu wa San Diego, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 144 wenye umri wa miaka 52 hadi 89, wote wazima wa akili. Wengine walikuwa wamejulishwa kama wana jeni ile, wengine hawakujua. Wenye jeni waliojua hali yao waliihukumu kumbukumbu yao kuwa mbaya kuliko wenye jeni ile ile wasiojua. Si hayo tu. Walipopewa kipimo cha kukumbuka maneno, walifanya vibaya zaidi kuliko wale wasiojua. Jeni ni moja. Kilichowatofautisha ni kujua.

Someni Injili ya Mathayo, sura ya 14. Petro alishuka chomboni akatembea juu ya maji kumwendea Yesu. Maji yalikuwa yale yale na miguu ilikuwa ile ile. Lakini alipoutazama upepo aliogopa, akaanza kuzama. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayekesha akiitazama hatari yake. Anazama akiwa bado na miguu ya kutembea. Na Bwana alifanya nini? Kabla ya kumkemea, alinyosha mkono akamshika.

Mkono huo katika nyumba ya Kikristo ni wako wewe mwenzake. Mwaka 2009 ulitolewa utafiti mwingine wa Marekani, wa watu 162 ambao mzazi wao alikuwa na Alzheimer. Waliofunuliwa hali ya jeni yao hawakuonekana kuzidiwa na wasiwasi au huzuni katika mwaka ule kuliko wasiofunuliwa. Lakini hao hawakuachwa na simu mkononi. Walielimishwa kwanza, wakaambiwa na watu waliofunzwa, wakafuatwa baadaye kuulizwa hali. Basi kujua kwenyewe si sumu. Kujua ukiwa peke yako ndiko kunakoumiza.

Kwa hayo nawashauri mambo manne.

Kwanza, amueni pamoja kabla ya kupima. Kanisa halikukatazi kujua, wala hakuna anayekulazimisha. Ulizaneni: tukijua, tutafanya nini? Kama hamna jibu, hamjakosea mkiacha. Na ninyi watoto mlio ng'ambo, msiwapime wazazi kama mchezo wa sikukuu.

Pili, mkijua, ambianeni siku ile ile. Si lazima kutangaza jumuiyani, lakini mwenzako si jirani. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika ndoa isiwe hivyo. Mzigo wa mwenzio ni wako, nawe uhisi uzito wake.

Tatu, chungeni ndimi zenu. Mke anayemwambia mumewe, "Umeanza kama mama yako," kila anapotafuta kofia, anamsukuma majini. Mume anayesema mbele ya watoto, "Mama yenu siku hizi hana kichwa," anatenda dhambi. Sisi sote husahau. Mkumbushe kwa upole, kisha mwachie kazi yake aifanye. Mzee wetu leo amerudi kwenye hesabu za duka, na mkewe humketi karibu bila kumnyang'anya kalamu. Jumapili anasoma somo la kwanza kama zamani.

Nne, fanyeni linalowezekana. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, karibu nusu ya magonjwa ya namna hii yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, kukaa bila mazoezi, masikio yasiyosikia vizuri, na upweke. Nendeni mkapimwe damu pamoja. Tembeeni pamoja jioni. Msiache jumuiya. Na mtu akianza kusahau njia ya nyumbani au matumizi ya vitu alivyovizoea, apelekwe kwa daktari, asifichwe.

Na ikiwa ugonjwa utakuja kweli? Katika mafundisho ya ndoa mimi huwauliza wachumba, "Mwenzako akiugua utakaa naye?" Hujibu haraka, "Ndiyo, Katekista," wakifikiria malaria au mguu uliovunjika. Hakuna anayefikiria siku mwenzake atakapomuuliza, "Wewe ni nani?" Lakini ahadi ya altare inaifikia hata siku hiyo. Yoshua bin Sira, sura ya 3, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zake zikipungua. Ikiwa mwana ameagizwa hivyo, sembuse sisi tulioapa? Naye nabii Isaya, sura ya 49, anatuhakikishia kwamba hata mama akimsahau mtoto wake, Mungu hatusahau. Kumbukumbu yetu ikizimika, yake haizimiki. Mwenzako naye awe kumbukumbu yako hapa duniani.

Usiku wa leo, kabla ya sala ya familia, mwulize mwenzako kwa sauti ya chini: "Kuna jambo unaloliogopa ambalo hujaniambia?" Kisha nyamaza, usikilize. Na akisema, mshike mkono.

Mungu azibariki nyumba zenu.