Dhana Isiyopimwa

Katika masoko ya Kitui na Makueni, huko Ukambani, kuanzia Mwingi hadi Mutomo na kuanzia Wote hadi Kibwezi, hukosi kumwona fundi wa pikipiki aliyetandika vyuma vyake chini ya mti. Na miongoni mwa maradhi yote aletewayo, hakuna yanayoitahini akili yake na dhamiri yake kama yale ya pikipiki kuukuu iliyokataa kuwaka, tangi lina mafuta, kabureta imesafishwa, lakini hakuna moto kwenye plagi. Hapo ndipo linapomkabili suala ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelishughulikia kwa karne nyingi: mwanadamu, ambaye aghalabu haoni ila dalili, ana haki gani ya kutamka kwamba sababu ni hii wala si ile?

Kwani umeme wenyewe haumdhihirikii. Gurudumu lenye sumaku huzunguka ndani ya injini na kuamsha umeme katika koili ya chaji. Umeme ule huwekwa akiba katika kisanduku cha CDI, hata koili ndogo ya ishara itoe amri kwa wakati wake, na hapo akiba ikafunguliwa ghafla, ikapita katika koili ya plagi inayoipandisha kupita volti 10,000, ikaruka ule upenyo wa plagi usiofika milimita moja. Pikipiki nyingi za zamani hufanya haya yote bila ya kuitegemea betri.

Basi yupo fundi ambaye, akiisha kupiga kiki mara mbili na kuikosa cheche, husema papo hapo kwamba CDI imekufa. Hunyofoa ya zamani, huchomeka mpya, injini ikanguruma, na mwenye pikipiki, ambaye pengine bado analipa mkopo wake, hutoa fedha kwa shukrani. Je, imethibitika? Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika Tahafut al-Falasifa kwamba pamba inapoungua baada ya kuguswa na moto, macho yetu hushuhudia mambo mawili yaliyofuatana, wala hayaushuhudii ule mfungamano wa lazima baina yake. Na Ibn Rushd akamjibu baadaye kwamba kuzikanusha sababu ni kuikanusha akili yenyewe. Nawaona wote wawili wakimfaa fundi wetu. Ibn Rushd humwamrisha asichoke kutafuta, asije akamsingizia Mwenyezi Mungu ubovu wa waya. Na Al-Ghazali humuuliza kama hakika ni kisanduku kipya kilichoiponya injini, au ni ule mkono uliochomoa soketi na kuichomeka tena, ukaikwangua kutu iliyokuwa ikizuia umeme. Njia ya kujua ipo, nayo ni nyepesi mno hata inasikitisha kuona inavyoachwa: rudisha kile cha zamani, upige kiki. Maradhi yasiporudi, umemhukumu asiye na hatia.

Kisanduku hicho kimejazwa gundi ngumu, hakifunguliki, na mita ya kawaida haiwezi kutoa ushahidi wa kutosha juu yake. Kwa insafu, chombo kisichoweza kujitetea kilistahili kushukiwa mwisho, baada ya wengine wote kuhojiwa: plagi ishikizwe kwenye chuma cha injini itazamwe kama cheche ni ya buluu au ya manjano iliyodhoofika, kofia yake ipimwe, maana nyingi zina ukinzani wa omu 5,000 hivi, kisha uchomolewe ule waya wa kuzimia injini, ambao mara nyingi umesuguliwa na fremu hadi shaba ikatokeza, ukawa unapiga shoti kimyakimya na kuinyima plagi moto wake. Lakini desturi ni kinyume, na ukimya wa mshukiwa huhesabiwa kuwa ungamo.

Nchi hii imepata kuona desturi hiyo ikifika kwa wanadamu. Mwaka 1932 mahakama ya Nairobi iliwahukumu Wakamba 60 kunyongwa, hukumu ambayo hatimaye haikutekelezwa, kwa kumpiga hadi kufa mwanamke waliyemshuku uchawi. Maradhi yalikuwepo, mgonjwa alikuwepo, na kisichokuwepo ni njia yoyote ambayo yule mwanamke angeweza kuitumia kuthibitisha kuwa hakufanya. Wala isidhaniwe kuwa Wakamba hawakuwa na hadhari: kiapo chao cha jadi cha kithitu, kilichoogopwa sana, kilitumiwa na wazee kuamua mashauri, kana kwamba walijua kuwa dhana ya watu wengi haiwi ushahidi kwa wingi wao. Silinganishi roho na kisanduku. Nasema tu kwamba tabia ya nafsi inayokimbilia hukumu huzoezwa katika mambo madogo.

Na yapo maradhi yasiyokubali kuharakishwa. Koili ambayo waya wake wa ndani umekatika kwa ufa mwembamba huweza kupimwa asubuhi ikiwa baridi, ikatoa hesabu sahihi kabisa, kisha jua la Kibwezi na joto la injini vikaitanua, ufa ukafunguka, na pikipiki ikazimika njiani na abiria wake. Ikipoa, huwaka tena kana kwamba haikutokea kitu. Fundi mwaminifu hana la kufanya ila kuiendesha mpaka izimike mikononi mwake, kisha aipime ingali moto, na huenda siku ikapita asipate jibu. Mwenye pikipiki akiambiwa jioni, "Bado sijajua," huondoka bila ya kulipa, kwa kuwa hakupewa kipuri. Naye yule wa jirani aliyemuuzia CDI isiyohitajika alilipwa bila ya kuulizwa neno. Siku ile ya kupima ina ujira wake, na ulipwe ujira huo hata pale jibu lisipopatikana.