Kidole Kisikae Njiani

Mjukuu wangu, tangu asubuhi nakusikia ukifyatua hicho kisu chako. Tak, tak, tak. Kinafunguka vizuri, nimeona, na majirani wameona. Mimi lakini sikuwahi kuumizwa na kisu kikifunguka. Nimeumizwa kikijikunja. Tazama kovu hili kwenye kiungo cha kidole cha shahada. Nilikuwa kwenye ngazi ya kamba ubavuni mwa meli, mkono mmoja umeshikilia, mwingine unakata. Kisu changu kilikuwa cha springi tupu, kama vile vidogo vyekundu vya Uswisi, hakina komeo. Ncha ikanasa kwenye fundo, nikasukuma, ubapa ukanirudia. Niliiona damu kabla sijasikia maumivu.

Basi nakueleza tena, na safari hii iweke simu chini.

Komeo lina kazi ya kuuzuia ubapa usirudi, hilo unalijua. Mwenye kutumia mkono mmoja ana swali la pili, nawe hukumuuliza muuzaji: nikitaka kukikunja, kidole changu kitakuwa wapi?

Kile cha mpini wa mbao nilichomletea baba yako kutoka Marseille ni Opinel. Tangu 1955 kina pete ya chuma shingoni. Ukiizungusha, ubapa hauna njia ya kurudi. Sijaona komeo rahisi kuliko hilo. Ila ubapa wenyewe unafunguliwa kwa ukucha, na pete inataka mkono wa pili. Kumenyea embe hapa barazani, sina neno. Ngazini, hapana.

Wamarekani nao wana Buck 110, cha mwaka 1964. Komeo lake liko mgongoni mwa mpini, linatumbukia kwenye pengo la shina la ubapa. Ni imara, mabaharia wengi walikipenda. Lakini pengo lile likijaa vumbi na nyuzi za mfukoni, komeo halikai sawasawa na wewe huna habari. Halafu kukikunja kwa mkono mmoja, gumba linabonyeza mgongo na vidole vinne vimejipanga chini, palepale ubapa unapoangukia. Wapo mafundi wanaoacha sehemu butu karibu na shina ili hiyo ndiyo iguse kidole kwanza. Wapo pia wasioiacha.

Hicho chako ni cha bamba la ndani. Fundi mmoja wa Marekani, Michael Walker, ndiye aliyelipa umbo la leo, miaka ya 1980. Ubapa ukifunguka, bamba linaruka kando na kusimama nyuma yake. Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaufanya ubavu mzima wa mpini kuwa ndio bamba, akakiita kisu chake Sebenza, neno la Kizulu la kufanya kazi. Chuma kikawa kinene zaidi. Gumba likabaki palepale: ili kukikunja, ni lazima uliweke mbele ya ubapa, usukume, kisha ulitoe upesi. Mchana mikono ikiwa mikavu, unaweza. Usiku, mikono imeloa mafuta ya samaki, na chombo kinayumba?

Na wewe ni mashoto. Bamba limewekwa kwa ajili ya gumba la kulia. Wewe unalivuta kwa ncha ya kidole cha shahada, shingo umeipinda kama kuku anayetafuta punje. Usinune, nimekutazama.

Lipo komeo la kampuni ya Benchmade, la mwaka 1998. Kijiti cha chuma kimekatiza mpini kutoka upande huu hadi huu, springi mbili nyembamba zinakisukuma mbele. Unakivuta nyuma, ubapa unalegea, na vidole vyote viko nje ya njia. Kulia, kushoto, ni mamoja. Springi zake hukatika, sikufichi, lakini zipo mbili na moja hubaki ikishika. Ningekuwa na umri wako, ningedunduliza hela za kisu chenye komeo hilo.

Kwa sasa una hiki. Kilete mwangani. Unaona bamba lilivyoshika? Kwenye ukingo tu, upana wa ukucha. Shika mpini, vidole mbali na mfereji wa ubapa, sasa ukandamize mgongo wa ubapa juu ya meza. Polepole, usiupigepige. Umesikia? Limeteleza. Ndiyo maana nilikwambia uweke vidole mbali.

Na ukipata ile kazi ya meli, usishuke nacho Uingereza. Kule kisu cha kukunja chenye komeo hakitembezwi hadharani bila sababu ya kueleweka, hata kiwe kifupi namna gani. Kisicho na komeo, makali yasiyozidi inchi 3, ndicho wanachoruhusu. Kilekile kilichonikata mimi.

Haya, kikunje. Kwa kushoto. Mimi nakutazama.