Uzi Kuhamia Kushoto

Aliyefuma kofia za watoto wachanga kwa miaka ishirini, uzi ukipita daima mkono wa kulia, hudhani ya kuwa vidole vyake vimekwisha kuhitimu. Nami nilidhani vivyo hivyo, hata jirani yangu hapa Kitete aliponifunulia ufumaji uitwao wa Kijerumani, ambamo uzi hukaa mkono wa kushoto, umepita juu ya kidole cha shahada, na sindano ya kulia huuchota tu pasipo kuzungushiwa. Juma la kwanza lilikuwa la taabu: vitanzi vililegea, safu zikapinda. Nikarejea kwenye kipande cha majaribio, nikihesabu na kufumua, kwa maana mkono mgeni hauukazi uzi kwa kadiri ile ile, na sindano zile zile hutoa nguo ya kipimo kingine. Niliwakumbuka mapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua pembe za ndovu kutoka Tabora hata Bagamoyo, bega moja likichoka mzigo ukahamia la pili. Jana usiku nilimaliza kofia ya kwanza. Vitanzi vimesimama sawasawa, ila safu tatu za mwanzo, nami, kwa mapenzi, sikuzifumua.