Nuru Hutangulia Joto

Ukingo wa Menengai, kaldera, yaani shimo pana linalobaki baada ya kilele cha volkano kuporomoka, iliyoko kaskazini mwa jiji la Nakuru, hufikia mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na anayelala huko hemani hupigwa na upepo ambao huongeza kasi unapolazimika kupanda na kuvuka mgongo wa mlima. Kwa kuwa Nakuru iko karibu sana na ikweta, jua huchomoza karibu wima, hivyo mapambazuko, yaani kipindi cha nuru kinachotangulia jua lenyewe, huwa mafupi, na anga la mashariki, upande wa Bahati na Nyandarua, hubadilika upesi. Hata hivyo, macheo ndiyo saa ya baridi kali zaidi, kwa sababu ardhi iliyopoteza joto usiku kucha huendelea kulipoteza hata baada ya miale ya kwanza kufika, mpaka joto linaloingia lizidi linalotoka.

Katika malezi, elimu na mageuzi ya jamii pia, dalili ya mabadiliko huonekana kabla ya faida yake kuhisiwa, na wengi hukata tamaa katika muda huo ulio kati ya mawili hayo. Mwenye busara hautafsiri ubaridi wa saa hiyo kuwa ushahidi kwamba nuru imemdanganya. Huvumilia, huku akiendelea kutenda yaliyo wajibu wake.